Bunduki Isiyojua Kukosa

Debe lilianguka kabla Mbonile hajamaliza kulenga.

Alikuwa amepiga goti nyuma ya shamba la kahawa, kitako cha bunduki mpya kimeegemea bega lake, kikohozi cha asubuhi kimembana, na mtutu ukicheza huku na huku kama mkia wa mbuzi. Akakohoa, kidole kikavuta, mlio ukatoka. Wakati ule mtutu ulikuwa unatazama mti wa kivuli upande wa kulia. Hilo Mbonile alilijua vizuri, maana alianza kushika bunduki kabla hajaota ndevu. Lakini debe lilikuwa kushoto, juu ya kichuguu, na sasa lilikuwa chini, tundu katikati kabisa.

"Mzuri sana!" Bwana akapiga makofi. "Bunduki ya kweli hii!"

"Bwana, lile debe sikulilenga."

"Hapana leta maneno mingi. Piga tena."

Akapiga tena, na tena, na kila debe likaanguka.

Mbonile alikuwa mlinzi wa mashamba ya mzungu huyo huko Mbozi, miaka ile Mwingereza bado anatawala na kahawa ndiyo kwanza inashika bei. Kazi yake ilikuwa kupambana na nyani na nguruwe mwitu, na silaha yake gobore la baba yake, lile la kumimina baruti na kushindilia kwa fimbo. Ukimaliza kushindilia, nyani wameshakula, wameshashiba, wanakutazama. Bwana alichoka kuhesabu hasara akaagiza bunduki ya kisasa. Hii ukishapiga haitaki mkono wako. Inatema ganda, inajijaza yenyewe, *kracha*, iko tayari. Bwana alitaka kujua mambo mawili tu: je, italenga sawasawa, na je, haitakwama kwenye tope na vumbi. Mbonile ndiye wa kuijaribu.

Sasa, kuna jambo ambalo wawindaji wa upande ule hawalifanyii mzaha. Bunduki mpya risasi yake ya kwanza hailengwi kitu. Unakwenda nayo jua likizama, mahali pasipo na mtu wala mnyama, unafyatua ovyo, unawaambia wenye pori, wasioonekana, "Hii ni yenu," na unarudi nyumbani bila kugeuka. Hiyo inaitwa risasi ya pori. Bunduki inakosa mara moja, inajifunza kukosa, kisha inakuwa yako. Asubuhi ile Mbonile alimweleza Bwana. Bwana akacheka mpaka kofia ikamwenda kisogoni.

"Risasi ni mali, Mbonile. Hapana tupa bure. Piga debe ile."

Angeweza kubisha. Angeweza hata kusubiri jioni akaiba risasi moja, nani angejua? Lakini alikuwa amechoka, jamani. Magoti yalimuuma, macho yalimuuma, alikuwa amewakimbiza nyani tangu alfajiri kama alivyowakimbiza miaka nenda miaka rudi. Akajiambia pori lingemwelewa. Akapiga debe.

Wiki zilizofuata nyani walikufa mpaka wakaliacha shamba. Bunduki ilinyeshewa, ikaanguka mtoni, ikajaa vumbi la barabarani, na haikukwama hata siku moja. Bwana akikutana naye huuliza, "Imekosa?" Naye hujibu, "Haijakosa, Bwana." Bwana hufurahi. Mbonile alianza kulichukia jibu lake mwenyewe.

Kwanza ilikuwa harufu. Bunduki ikishapigwa hunuka baruti, kila mtu anajua. Hii ilinuka nywele zilizoungua, na harufu ilikaa kwenye shati, kwenye blanketi, mpaka kwenye ugali. Kisha ukaja mlio. Jioni moja yeye na mkewe Tabita walikuwa wamekaa jikoni wanakula, bunduki imeegemezwa kwenye kona ya chumba cha mbele, tupu, risasi zake zimefungwa kwenye kitambaa juu ya dari.

*Kracha.*

Tabita akaacha tonge mkononi. "Baba Anyosi, umeigusa?"

"Niiguse na nini, nami nimekaa hapa na wewe?"

"Imejijaza."

"Nimesikia."

"Si ulisema haina kitu?"

"Kula, Mama Anyosi," alisema kwa sauti ya chini. "Kula tulale, nimechoka."

Hawakula. Tabita alikuwa mwimbaji wa kanisani, si mwanamke wa kuogopa vivuli, lakini jioni hiyo alichukua kanga yake akaifunika ile bunduki gubigubi, mtutu mpaka kitako, huku akisali chini kwa chini.

Kesho yake Mbonile akaamua kuikosesha kwa nguvu. Alikwenda bondeni peke yake mchana kweupe. Alipiga kichaka kisicho na kitu, na kanga mmoja akatoka kichakani akijiburuta, akafa miguuni pake. Akaelekeza mtutu juu, mbinguni patupu, akapiga, akasubiri, mwewe akaanguka chini, puu. Akaelekeza mtutu ardhini, kwenye udongo mtupu mbele ya vidole vyake, akafumba jicho, akapiga. Hakuna kilicholia. Akashusha pumzi, akakaribia kucheka, ndipo akaona udongo unalowa, unalowa polepole kutoka chini, mwekundu, akachimba kwa mikono kama mwendawazimu mpaka kucha zikamvunjika, akakuta shimo la fuko, na fuko ndani yake, bado wa moto, tundu katikati ya paji la uso.

Alirudi nyumbani ameishika bunduki mbali na mwili wake.

Wiki hiyohiyo Fanueli, dereva wa lori la mahindi, alisimama barabarani akamwita. "Mzee Mbonile! Mwanao amevuka mpaka. Nimemwacha Tunduma kwa shangazi yake, amenenepa huyo! Ijumaa nampakia, tunalala kijijini Mpemba, Jumamosi yuko kwako."

Anyosisye! Mtoto wao wa pekee, aliyekwenda kwenye migodi ya shaba ng'ambo akiwa kijana mwembamba, na kwa muda wote huo habari zake zikiletwa na wapita njia tu. Tabita alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Na Mbonile, moyo wake ulilegea kwa furaha, maana alikuwa akimsubiri mtoto huyo kama mtu mwenye mzigo anavyosubiri wa kumpokea. Akija, Anyosi atalinda shamba. Akija, yeye atakaa chini apumzike.

Furaha haikumaliza siku. Asubuhi iliyofuata alikuta kanga iko sakafuni na bunduki imegeuka. Alikuwa ameiegemeza mtutu ukitazama ukuta wa nyuma. Sasa ulitazama dirishani, na dirisha lile lilitazama njia ya Tunduma. Akairudisha. Alasiri akaikuta imegeuka tena. Akaifunga kwa kamba kwenye nguzo, na alipotoka nje kuosha uso akasikia kamba inalia, taratibu, uzi baada ya uzi, kama mtu anayejinyoosha baada ya usingizi mrefu.

Tabita naye aliona. Alisimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Inamtafuta mtoto," alinong'ona.

"Usiseme hivyo."

"Nenda kwa Nesta. Wazee wa kanisa nitawakabili mimi."

Nesta alikuwa bibi mganga aliyekaa bondeni, njia ya kwenda Mkwajuni. Hakumkaribisha Mbonile ndani. Alimsimamisha uani, akanusa hewa, akapiga chafya.

"Iweke chini hiyo, mwanangu. Haikosi?"

"Haikosi, bibi."

"Risasi ya pori uliitoa?"

Mbonile akatazama miguu yake. "Bwana alikataa. Na mimi nilikuwa nimechoka."

"Loo! Umechoka." Bibi alitikisa kichwa, si kwa hasira bali kwa huruma, na huruma ile ilimtisha zaidi. "Kulikuwa na jini linasubiri risasi yake, nawe ukaipa debe. Sasa limeingia humo ndani lijichukulie lenyewe. Wala si jicho lako linalolenga. Ukiwa na bunduki hiyo, inapata kilichomo moyoni mwako."

"Lakini bibi, yule fuko sikumuwaza. Nani anawaza fuko?"

"Uliwaza kuua. Ilikupa cha kuua."

"Sasa nifanyeje?"

"Lilipe jini deni lake. Nenda kwenye shamba lililochomwa moto, pasipo hata panzi. Weka risasi moja tu. Jua likizama, fumba macho, geuza kichwa, fyatua, sema maneno ya wawindaji. Lakini wakati huo usiwaze mtu. Usimpende mtu, usimchukie mtu, usimkumbuke mtu. Uwe mtupu kama chungu. Ukiweza hivyo, itakosa, na ikikosa limekwisha."

"Na nikiwaza?"

Nesta aliokota fimbo yake akaingia ndani.

Ijumaa jioni Mbonile alikwenda kwenye shamba lililochomwa. Majivu yalifika kwenye vifundo vya miguu, hapakuwa na jani wala mdudu, na jua lilikuwa linatua upande wa Tunduma. Akaweka risasi moja. *Kracha.* Akafumba macho. Uchovu ule uliokuwa adui yake siku zote sasa aliushukuru, maana kichwa kilikuwa kizito, kitupu, kinaelea. Hakumuwaza Bwana, hakumuwaza Tabita, hakuwaza magoti yake, aliliacha kila jambo likaanguka moja moja mpaka ndani yake pakawa kimya, na kidole kikaanza kuvuta, na katika kimya kile, mbali sana, barabarani, lori likanguruma likipanda mlima, lori la mtu yeyote tu, na kabla hajauzuia moyo wake, moyo ukasema: *Anyosi.*

Mlio ukatoka.

"Hii ni yenu," alisema.

Akafumbua macho. Hakuna kilichoanguka. Hakuna damu kwenye majivu, hakuna ndege, hakuna kilio. Akanusa mtutu: baruti. Baruti tu, ile ya siku zote! Akatoa risasi nyingine mfukoni, akalenga kisiki kilichokuwa karibu kiasi cha kukipiga kwa jiwe, akapiga, na kisiki kikabaki kizima. Imekosa. Akapiga tena, ikakosa. Mzee mzima akakaa kwenye majivu akalia kwa furaha. Mpemba ni mbali, alijiambia. Risasi gani ifike Mpemba?

Jumamosi asubuhi alimrudishia Bwana bunduki yake. Bwana akaijaribu kwenye madebe, hata la karibu likabaki limesimama, na risasi iliyofuata ikakwama.

"Umeharibu bunduki yangu!"

"Samahani, Bwana," alisema Mbonile, naye akirudi nyumbani alikuwa anapiga mluzi.

Anyosisye alifika saa za mchana, kwa miguu, bila mzigo. Tabita alimrukia, akamkumbatia, akacheka, akalia, kisha akakimbilia jikoni kuchinja jogoo. Mbonile alimshika mtoto mikono miwili.

"Lori liko wapi, mwanangu? Fanueli je?"

"Nimetangulia, baba."

Mikono yake ilikuwa baridi, baridi ya chuma cha asubuhi. Amechoka na safari, Mbonile alijiambia. Kila mtu huchoka. Akamvutia kiti, lakini Anyosisye alikipita. Alikwenda kwenye kona, palepale ilipokuwa bunduki, akakaa sakafuni ameegemea ukuta, mgongo umenyooka, uso ameuelekeza dirishani kwenye njia ya Tunduma.

"Unatazama nini huko, Anyosi? Si umeshafika?"

"Nimeshafika," alisema mtoto.

Lori liliposikika barabarani, Mbonile alitoka haraka kuliko magoti yake yalivyotaka. Fanueli alishuka amevua kofia. Nyuma ya lori, juu ya magunia ya mahindi, kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa turubai.

"Mzee wangu," Fanueli alisema. "Sijui nikuambieje. Jana jioni tulikuwa Mpemba, jua linazama, tumekaa tu tunakula miwa. Alikuwa anacheka. Akainuka kuchukua maji, akaanguka. Tundu dogo hapa, kifuani, katikati kabisa. Mlio hatukuusikia, mzee, naapa. Hapakuwa na mtu, hapakuwa na bunduki!"

Mbonile alipanda gurudumu, akafunua turubai kidogo tu, akaona uso wa mtoto wake, mnene kama Fanueli alivyosema, macho yamefumbwa. Kisha akamfunika, akaliweka vizuri pembeni asipigwe na jua. Akabaki juu ya gurudumu, mkono juu ya turubai.

"Mzee, Mama Anyosi yuko wapi?" Fanueli aliuliza. "Nani atamwambia?"

Kutoka jikoni Tabita alikuwa anaimba, wimbo wa kanisani wa kumpokea mgeni, na harufu ya manyoya ya jogoo yakibabuliwa motoni ilitoka hadi uani. Au Mbonile alijaribu kuamini kwamba ni manyoya ya jogoo, maana ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua na ilitoka mlango wa mbele. Mlango huo ulikuwa wazi. Aliona mpaka kwenye kona. Yule aliyekaa pale hakuwa tena anatazama njia ya Tunduma. Alikuwa amegeuza uso wake, taratibu, ukapita dirisha, ukapita ukuta, na sasa ulitazama mlango wa jikoni.

"Anyosi," Tabita aliita kwa furaha, "njoo ule, mwanangu!"

*Kracha.*