Mgeni Aliyekaribishwa Mara Mbili

Yote yalianza na chumvi. Maharage ya Aloisi yalikuwa na ladha yake Jumapili alipoyapika, na Jumanne mchana kijiko cha kwanza kilikuwa kitamu. Kijiko cha pili kikawa kama anatafuna karatasi.

Ilikuwa mwezi wa nane, kwenye ghala moja huko Okolona, Louisville, Marekani. Asubuhi hiyo walikuwa wamepakua kontena la mabakuli kutoka Quanzhou, mji wa bandari huko Uchina. Saa ya kula, wenzake walikimbilia magari yao na viyoyozi vyao. Aloisi, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, hakuwahi kuzoea kula ndani ya gari. Aliketi mlangoni mwa kontena tupu, miguu inaning'inia. Mle ndani mlinuka ubani na maji ya bahari. Akasikia nyuma yake miguu inaburuta, na bila kugeuka akasema, "Karibu."

Sasa mlitaka aseme nini? Sisi tuliokulia kule hatuwezi kumeza tonge mtu anapita bila kulisema neno hilo. Linatoka lenyewe kama chafya, na mpita njia hujibu asante, nimeshiba, akaenda zake. Huyu hakujibu. Mbao za sakafu zililia kando ya Aloisi, kama mtu mzito ameketi. Alipogeuka hakuona mtu. Ndipo alipokula kile kijiko cha pili.

Nyumbani alikuwa peke yake tangu mkewe, Angelika, afariki miaka sita nyuma. Jioni ile kiti cha pili kilijivuta mezani. Akasikia kutafuna, polepole, kwa adabu. Aliogopa, ndiyo. Lakini niseme ukweli hata kama ni aibu: siku ya nne alimwekea sahani. Miaka sita mtu anakula anatazama ukuta, mwishowe hata jini ni mwenzake.

Alipungua mwili hadi mkanda ukahitaji tundu jipya. Hilo alilivumilia. Lakini Jumatatu binti yake Spés alifika kutoka Buffalo na mtoto wake Florida, wa miaka minne. Spés alikuwa amechoka na kazi ya kiwandani huko Tonawanda, jirani na Buffalo, na alikuwa amemwahidi baba yake: mtoto akipapenda, tunahamia kwako. Aloisi alikuwa amenunua kitanda kidogo tangu mwezi wa tano.

Florida hakula. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ugali, wali, hata biskuti za dukani, alitafuna akatema. Midomo ikakauka, macho yakaingia ndani. Alhamisi alinong'ona kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu lakini hakiongei, akauliza kwa nini yule mzee mwenye nguo zilizolowa ndiye anakula kwanza. Alikitazama kile kiti.

Spés aliacha kijiko. "Baba," alisema chini chini, "humu ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu."

"Kuna sahani tatu zetu na ya nne umeiweka wewe. Jumapili naondoka. Na sirudi."

Kesho yake Aloisi alimfuata Mama Lin, mfungashaji pale ghalani, mzaliwa wa Quanzhou, akamsimulia yote. Walielewana kwa Kiingereza cha kazini, ambacho wote wawili walikiongea vibaya kwa namna ileile.

"Hao sisi tunawaita ndugu wema," Mama Lin alimwambia, akiangalia nyuma yake. "Ili wasikasirike. Zamani sana bandari yetu ilijaa meli za Waarabu na Waajemi. Wengi walifia kwetu. Mawe ya makaburi yao yapo mpaka leo, yameandikwa Kiarabu. Mwezi wa saba wa kalenda yetu, mitaa hupokezana kuweka meza nje, leo huu, kesho ule, kuwalisha wasio na wa kuwakumbuka. Wakishakula, tunawaaga. Wewe ulimwambia nini?"

Aloisi akalitaja neno na kumfafanulia maana yake. Mama Lin akaweka vijiti vyake vya kulia chini.

"Sisi tunawalishia nje," alisema. "Wewe umemwingiza ndani. Mpe chakula nje ya mlango, kisha msindikize mpaka kwenye maji. Usiseme kitu. Hasa neno lile."

Mama Lin hakujua, nami nawaambia: neno hilo tulilichukua kwa Waarabu, na kwao ni mtu wa karibu, jamaa yako. Umelala ugenini miaka mia saba, halafu mtu anayekula anakuita jamaa kwa lugha ya mama yako. Hata mimi ningekaa.

Jumamosi saa tisa mchana Aloisi aliweka wali nje ya mlango, akawasha kijiti cha ubani, akangoja, kisha akafungua mlango wa abiria wa gari lake. Gari likazama kidogo upande ule. Alipoondoka, kengele ya mkanda ikaanza kulia, tii, tii, tii, ikidai abiria wa kiti kitupu ajifunge, na ikalia barabara nzima, na harufu ya bahari ikajaa hadi macho yakamwasha, na maji yakatiririka kwenye kiti na kuingia chini ya viatu vyake huku yeye ameng'ata midomo asije akaomba, asije akalia, asije akasema lolote, mpaka Mto Ohio ukaonekana na kengele ikanyamaza.

Miguu iliburuta kwenye changarawe kuelekea majini. Polepole, kama ya mtu asiyetaka kwenda. Aloisi aliona nyayo zilizolowa zikisimama ukingoni, vidole vimemgeukia yeye. Naye Aloisi, nani atamwekea sahani akifia Louisville? Huruma ilimshika, na mdomo uliofunzwa na mama yake usimwache mgeni aondoke kimya ukafunguka wenyewe.

"Karibu tena."

Simu ikaita. Ni Spés, anacheka na kulia. "Baba, amekula! Sahani nzima ya maharage, anataka nyingine. Tunakaa, Baba. Njoo tule, tunakusubiri."

Aloisi alikuwa ameshaingia garini. Aliwasha. Tii, tii, tii.

"Kuleni tu," alisema. "Msinisubiri."

Akanyoosha mkono, akauvuta mkanda wa kiti kitupu, akamfungia mgeni wake. Kengele ikanyamaza. Kisha akashika barabara isiyokwenda nyumbani.