Kibanda cha Paris

Tangu arudi kutoka Paris, Rehani alikuwa akiziba madirisha kwa majamvi mchana kweupe. Mkewe, Mwanamkasi, alidhani ni uchovu wa safari.

Mwaka ule wa 1889 vita viliwakimbiza kutoka Bagamoyo, Rehani na mdogo wake Mtoro, wakaangukia Unguja. Huko Mfaransa mmoja akawachukua hadi kwenye maonyesho makubwa ya mataifa, penye mnara mpya wa chuma. Wakajengewa kibanda cha udongo wakae humo, Wazungu wapite kuwatazama wakisuka ukili, wakila, wakisali. Mtoro alifia humo kwa kifua, ameegemea ukuta. Watu wakadhani amelala. Wakaendelea kupita mpaka jioni, naye Rehani akaendelea kusuka, maana hakujua afanye nini.

Hayo aliyasema mara moja tu, kama anayesimulia habari za mtu mwingine.

Adhuhuri moja Mwanamkasi akasikia nyayo za viatu vizito, nyingi, zikiizunguka nyumba polepole, zikisimama kila penye dirisha, na pamoja nazo harufu ya sufu iliyolowa na moshi wa makaa ya mawe. Akatoka, akakuta mchanga hauna alama hata ya kuku, akarudi ndani, na nyayo zikaanza tena, karibu zaidi, upande huu wa ukuta.

"Unasikia?" akanong'ona.

"Nasikia," Rehani akasema, bila kuinua kichwa. "Nimekuja nao."

Akaitwa Bi Mwanahija, mganga wa Kerege. Akafukiza ubani, akamfunika Rehani shuka, akauliza taratibu, "Nani wewe?"

Sauti iliyojibu haikuwa ya Rehani. "Mtazamaji."

"Wamtakia nini mja huyu?"

"Kumtazama."

"Umeshatazama. Toka."

Kisha sauti ikasema, "Natoka. Huyu amekwisha."

Rehani akaanguka. Alipozinduka, akaita jina la Mtoro, akamlilia kwa mara ya kwanza. Nyayo zilikuwa zimekoma.

"Ametoka, mwanangu," Bi Mwanahija akamwambia Mwanamkasi. "Mpe mumeo mkono."

Mwanamkasi alikuwa amesimama mlangoni, hasikii furaha wala huruma.

"Mke wangu," Rehani akasema kwa sauti ndogo, "usinitazame hivyo."

Mwanamkasi alitaka kugeuka, shingo ikakataa. Alitaka kufumba macho. Yakabaki wazi, makavu, yakimtazama mumewe akilia.