Upande wa Vipande

Kila asubuhi Pilipili na binamu yake walinawa kwenye beseni moja, wakavaa sare zilizoshonwa kwa cherehani moja, ya shangazi. Lakini sifa zote zilikuwa za binamu. Pilipili alizisikia, moyo ukamchemka.

Wiki hiyo mwalimu wa sayansi aliwachagua wawaonyeshe wazazi jinsi DNA inavyojinakili. DNA yao ilikuwa zipu ndefu yenye vitanzi vya rangi. Mwalimu angeifungua, kama kimeng'enya kinachotenganisha nyuzi mbili. Wao, kama vimeng'enya vinavyojenga, wangenasisha kwenye vitanzi hivyo vitambaa vyenye kulabu: chekundu kwa cha kijani, cha njano kwa cha buluu.

"Nyuzi hizi zinaelekea kinyume," alisema mwalimu, "na kimeng'enya hujenga kwa mwelekeo mmoja tu. Binamu yako ataifuata zipu bila kusimama. Wewe, Pilipili, kila ikifunguka kidogo utaanza hapo na kujenga kurudi ulikotoka. Mwishoni utaunga vipande kwa sindano na uzi."

"Yeye uzi mzima, mimi vipande?" Pilipili alifoka. "Kwani mimi fundi viraka?"

"Viraka! Viraka!" darasa likacheka.

Asubuhi ya maonyesho walifanya zoezi la mwisho. Pilipili aligeuza vitambaa vyake juu chini, akaifuata zipu mbio bila kusimama, kama binamu.

"Unavigeuza!" binamu alinong'ona.

"Nyamaza, kipenzi cha watu. Leo tutajua nani hodari."

Mwalimu aliiinua zipu. Upande wa binamu ulishika. Wa Pilipili, kulabu zikiwa zimegeuka, ulimwagika wote sakafuni.

"Wazazi wanakuja saa nane," mwalimu alisema. "Ikibaki hivi, nitachora ubaoni tu."

Binamu alipiga magoti, akaanza kuokota.

"Unanisaidia ili usifiwe tena?"

"Nusu yangu peke yake si DNA, bwege wewe. Shika sindano!"

Saa nane zipu ilifunguka. Pilipili alijenga kipande, akarudi, akaanza kingine, kisha akaviunga kwa uzi. Zipu moja ikawa mbili, zote kamili.

Shangazi alisogea, akapapasa mishono. "Nani kaunga hapa?"

"Mimi, shangazi," Pilipili alijibu, macho chini. "Nilidhani nimepewa kazi duni."

"Duni? Kuanza upya mara zote hizi na kiungo kisionekane? Mwanangu, jicho la wivu hukodolea sahani ya jirani, yake ikapoa. Binamu yako hakukuibia kitu. Fanya yako, ifanye sawasawa."