Nyumba ya Kuuzwa Yenye Majivu ya Moto

Murekatete alikuwa ameketi kwenye kigoda, anachambua maharagwe ya kupika. Ukungu wa kijiji cha Lushebere ulikuwa bado haujapanda. Ulifunika njia, ukafunika paa za majirani. Ndani, binti yake Shekinah alikuwa anavaa nguo za shule. Mume wake, Evode, alikuwa anafunga mpini wa jembe.

Walikuwa wanapanga chumba kimoja tangu walipokimbia vita kule Nyabiondo. Mwenye chumba alikuwa amewaambia mara mbili kwamba mtoto wake anaoa, na chumba kitahitajika. Kwa hiyo Evode aliuza ng'ombe wao wa mwisho. Pesa ile ilikuwa ya nyumba tu. Ikipotea, hawakuwa na ng'ombe mwingine.

"Jambo, Mama Shekinah."

Murekatete alishtuka. Hakusikia hatua za mtu. Mwanaume alikuwa amesimama mbele yake. Ilikuwa majira ya mvua, lakini viatu vyake havikuwa na tope hata kidogo.

"Miye ni Samy, komisioneri, dalali wa nyumba," alisema. "Wenye kuuzisha nyumba wananijua, na wenye kutafuta wananijua. Nilisikia muliuzisha ngombe."

"Nani alikuambia?"

Samy alicheka polepole. "Kazi yangu ni kujua, Mama. Niko na nyumba moja muzuri. Iko inawangojea."

Evode alitoka nje. Aliposikia neno nyumba, macho yake yalifunguka. Shekinah alipokwenda shule, wote watatu walipanda kilima.

Njia ilikuwa ndefu. Walipita mashamba ya mihogo, kisha wakaingia katika mikaratusi. Huko hakukuwa na ndege wa kulia. Samy alitangulia bila kuzungumza. Kila walipokutana na mtu njiani, aliwaharakisha wasisimame kumsalimia.

Nyumba ilikuwa peke yake nyuma ya miti. Ilikuwa ya mbao, na mabati yake yalikuwa mazima. Evode alipiga mbao kwa kiganja akatabasamu. Lakini Murekatete aliangalia chini. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Mistari ya ufagio ilionekana wazi katika udongo wenye unyevu. Hakuna unyayo hata mmoja uliokuwa umekanyaga juu yake.

"Nani anakaa hapa?" aliuliza.

"Hakuna muntu. Tangu mwaka jana."

Aliingia ndani. Kwenye fremu ya mlango, mtu alikuwa amechora mistari kwa makaa, mmoja juu ya mwingine, kupima urefu wa watoto. Pembeni kulikuwa na majina mawili: Élie, Céline. Katika jiko kulikuwa na mafiga matatu na majivu. Murekatete alichuchumaa, akaweka mkono juu ya majivu.

Yalikuwa ya moto.

Aliutoa mkono haraka. Alihisi kama mtu anamtazama mgongoni. Aligeuka, lakini dirishani kulikuwa na mikaratusi tu, na ukungu kati yake.

"Papa Samy, hapa mutu alipika leo."

"Ah, ni mulinzi."

"Ulisema hakuna muntu."

"Mama, maulizo mingi inafukuza bahati." Samy alimgeukia Evode. "Papa, muchuruzi mumoja wa Goma, mutu wa biashara, anakuja saa sita kuona hii nyumba. Atalipa palepale. Weye ukitoa avansi sasa, pesa kidogo ya kwanza, namwambia asije. Na musiambie majirani. Watu wa hapa wako na wivu, wataharibu kila kitu."

"Na mwenye nyumba?" Evode aliuliza.

"Iko Goma. Sema naye."

Samy alibonyeza namba, akampa Evode simu. Sauti nzito ya mwanaume ilisema kwamba nyumba ni yake, kwamba amekaa Goma miaka miwili, na kwamba Samy ana ruhusa yote. Evode aliitikia kwa kichwa, akaanza kuingiza mkono ndani ya koti lake.

"Nami nimusalimie," alisema Murekatete, akachukua simu.

Aliiweka kwenye sikio la kushoto. Wakati uleule, chini ya kilima, shule ilipiga kengele ya mapumziko. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha rimu ya gari, na mlio wake hakuna aliyeukosea katika Lushebere nzima. Murekatete aliusikia kwa sikio la kulia. Na aliusikia kwa sikio la kushoto, ndani ya simu. Ngaa, ngaa, ngaa. Mlio mmoja, masikio mawili.

Mwanaume yule hakuwa Goma. Alikuwa karibu sana. Labda alikuwa katika miti ile pale.

Murekatete alirudisha simu. Alisema kwa upole, "Papa Shekinah, sisi tunaomba Mungu mbele ya kufanya jambo kubwa. Twende kwanza tuombe."

"Muchuruzi anakuja saa sita!" alisema Samy.

"Kama anaipata, ni yake." Alimshika mume wake mkono, na wakashuka. Hakugeuka nyuma mpaka mikaratusi ilipokwisha.

Njiani alimweleza Evode kuhusu kengele. "Labda ulisikia vibaya," alisema Evode. Lakini alifunga vifungo vya koti mpaka shingoni.

Tangu siku ile, Samy hakuwaachia nafasi. Murekatete alikwenda kuchota maji, akamkuta amesimama juu ya chemchemi, anatazama tu. Jumapili walipotoka kanisani, alikuwa nje ya mlango. "Muchuruzi anangoja bado," alisema, "namuzuia juu yenu." Shambani simu ya Evode ililia. Alipoipokea, hakuna aliyesema. Palikuwa na pumzi tu, kisha ile sauti nzito: "Papa, nyumba yenu inalala peke yake."

"Pengine tulipe tu atuache," Evode alisema siku ya tatu. Uso wake ulikuwa umechoka.

"Ndiyo kitu anachotafuta," alijibu Murekatete. "Twende kwa dada Valérie."

Valérie alikuwa jirani yao. Aliandika makaratasi ya mashamba kwa shefu wa lokalité, mkuu wa kijiji, Papa Byukusenge, na alikuwa ameona magomvi mengi ya ardhi. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza.

"Komisioneri si muntu mubaya kwa kazi yake," alisema. "Kuko wazuri. Komisioneri muzuri anakupeleka kwa mwenye nyumba, uso kwa uso, mbele ya majirani. Lakini mutu anakuambia lipa leo, usiulize, usiambie jirani? Ule anaogopa kitu. Sasa kazi yenu ni kujua anaogopa nini."

"Tutajua namna gani?" aliuliza Evode.

"Kwa miguu. Murudi kule bila yeye. Muulize majirani wa pande zote ine: hii parseli, ni kusema hiki kiwanja, ni ya nani? Mwenyewe iko wapi? Iko na bibi, iko na watoto wakubwa? Wote wanakubali kuuzisha? Kisha muulize shefu. Ile haiombi pesa hata moja. Na mbele ya kumaliza, avansi isitoke mufukoni." Alifunga kikwembe chake, kitenge cha kiunoni, vizuri. "Kesho asubuhi tunaenda wote."

Walikwenda mapema, jua likiwa linatoka tu. Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku ya kwanza. Walipofika kwenye mikaratusi, Valérie alisimama, akainua kidole.

Shwaa. Shwaa. Shwaa.

Mtu alikuwa anafagia.

Hawakuona kitu. Sauti ilitoka ndani ya weupe ule, ikaenda kushoto, ikarudi kulia. Evode alianza kuomba kwa kunong'ona. Murekatete alitaka kukimbia, lakini miguu yake ilikwenda mbele. Alipopiga hatua, tawi kavu lilivunjika. Ufagio ukanyamaza.

"Hodi," alisema. "Hatukuje na ubaya."

Kisha sauti ya mwanamke mzee ilijibu kutoka karibu sana:

"Nakujua. Weye njo uliweka mukono ndani ya majivu yangu."

Ukungu ulisogea kidogo. Mwanamke mwembamba alisimama pale, ameshika ufagio kwa mikono miwili kama fimbo.

"Mama Kayitesi!" Valérie aliita. "Ni miye, Valérie!"

Valérie alimjua mzee huyu, lakini hakujua kwamba nyumba hii ni yake. Ufagio ulishuka. Mwanamke alianza kulia bila sauti.

Kayitesi ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Watu wenye silaha walipopita kule, alikimbilia kambi ya wakimbizi ya Lushebere pamoja na wajukuu wake, Élie na Céline. Mume wake, Dusabimana, alifia kambini. Watoto waliogopa kurudi kulala katika nyumba ya peke yake, na yeye pia aliogopa. Lakini kila alfajiri alipanda kilima. Alifagia, akawasha moto, akauota kidogo, akashuka.

"Juu ya nini, Mama?" Murekatete aliuliza.

"Nyumba ikikosa moto, watu wanasema mwenyewe alikufa. Kisha inachukuliwa." Alipangusa macho. "Ile siku nilichelewa kushuka, na niliwasikia munakuja. Nilijificha nyuma ya miti. Na mwanaume mumoja alikuwa kule anasema kwa simu. Anasema iko Goma! Niliziba mudomo na kikwembe asinisikie. Nilifikiri ninyi wote muko pamoja naye, munakuja kunifukuza."

Siku zote zile Murekatete alikuwa anamwogopa mtu asiyeonekana katika nyumba ile. Na mtu huyo alikuwa anamwogopa yeye.

"Unataka kuuzisha hii nyumba, Mama?" Evode aliuliza taratibu.

"Hapana. Ni ya wajukuu."

"Basi maneno imeisha." Evode alivua kofia. "Utusamehe."

Siku ileile Kayitesi alipeleka karatasi ya kiwanja yenye jina la mume wake kwa Papa Byukusenge. Shefu aliisoma, akaita majirani, nao wakathibitisha. Aliandika jina la Kayitesi na majina ya wajukuu katika kitabu chake. Majirani wawili wa chini walikubali kupita pale kila siku na kuangalia. Kisha shefu mwenyewe alimpigia Samy.

"Tuko na watu wanataka ile nyumba," alisema. "Leta mwenyewe hapa, na karatasi yake, mbele ya majirani."

Simu ilikatika. Samy hakuonekana tena Lushebere. Baadaye walisikia kwamba familia moja ya Kalembe ilikuwa imempa avansi juu ya nyumba ileile, bila shahidi na bila karatasi. Mpaka leo wanamtafuta.

Murekatete na Evode walitafuta kwa miezi miwili mingine. Mwisho, Papa Jean de Dieu, mkulima aliyetaka kuhamia kwa watoto wake, aliwaonyesha parseli ndogo na nyumba ya udongo. Walikwenda kuiona mchana, siku mbili tofauti, na mara moja wakati wa mvua. Walizungumza na mke wake peke yake, wakasikia kwamba naye anakubali. Kisha wakaomba majirani wote waje kuzunguka mipaka pamoja.

Kwenye kona ya chini, jirani mmoja aitwaye Sebarenzi alisimama, akakunja mikono.

"Hapa hapana," alisema. "Mupaka wangu unapita pale kwa ile jiwe."

Jean de Dieu alikataa. Sauti zilipanda. Evode aliona aibu, akataka kuondoka. Lakini Valérie alimnong'oneza, "Acha wagombane sasa, mbele ya kulipa." Papa Byukusenge aliita mzee aliyepanda ua wa mpaka zamani. Walipima kwa kamba. Jiwe ndilo lilikuwa mpaka wa haki, na Jean de Dieu alikubali.

Ndipo Valérie akaandika: majina ya wauzaji wote wawili, majina ya wanunuzi wote wawili, mipaka, mashahidi. Kila upande ulibaki na nakala, na shefu na nakala yake. Pesa ilitoka mbele ya macho ya wote. Wiki iliyofuata Evode alipeleka nakala kwenye ofisi ya ardhi ya teritware, yaani ya wilaya, akauliza hatua zinazobaki ili apate karatasi ya serikali.

Jumamosi ya kwanza baada ya kuhamia, Evode alikuwa anapanda ua wa miti kwenye kona ya chini. Sebarenzi alikuja na panga lake, akaanza kukata miti ya kupanda bila kuombwa. Walifanya kazi mpaka jua likawa kali.

"Ungelipa mbele ya kuniuliza," Sebarenzi alisema, "tungekuwa maadui miye na weye, na watoto wetu pia." Alipigilia mti wa mwisho, akautikisa kuona kama umeshika. "Kuja nyumbani. Bibi yangu alipika sombe. Uite na Mama Shekinah."