Kasha la Kilimani Katoro

Ilikuwa mwaka 2024, mwanzoni mwa kiangazi, shule zikiwa zimefungwa. Jumamosi asubuhi, kwenye kilima kilicho nje ya Katoro, Martina na wanawe walikuwa wakifuata mshale wa simu, wakisaka kasha alilowafichia jana yake kaka yake, Bujiku. Mchezo huo walikuwa hawajawahi kuucheza. Mshale ulipokoma, hawakuliona kasha. Walimwona Bujiku mwenyewe, amelala chali kando ya mawe yaliyopangwa kisha kubomolewa, kisogo kimepasuka.

Kabla jua halijazama, Inspekta Paskazia alikuwa amekwisha kumkamata Eliya, mfugaji aliyekutwa na simu ya marehemu. Alimpitisha katikati ya soko la Katoro akiwa na pingu. Watu wakamzomea.

"Simu niliiokota njiani, Afande."

"Kila mwizi huokota."

Kesho yake mke wa Eliya alifika kituoni na mtoto mgongoni. Vijana wa kijiji walikuwa wameapa kuichoma nyumba yao.

Siku hiyohiyo daktari aliyeuchunguza mwili alimkabidhi Paskazia shati la marehemu. Kwenye mabega yote mawili palikuwa na alama za vidole, nyeupe, za vumbi la mawe yaliyosagwa. Mikono ya Eliya ilinuka samli na ng'ombe. Paskazia alilikunja shati lile. Kisha akamwita Martina.

"Huo mchezo wenu unachezwaje?"

"Mtu huficha kasha, akapapima mahali kwa simu, akakutumia namba. Wewe unazifuata. Humo alituwekea peremende tu, na wanasesere."

"Nani mwingine alijua?"

"Sisi tu, na sasa wewe, dada. Alitaka kuwafurahisha wapwa wake," Martina alisema, akalia.

Kilimani palikuwa na duara moja tu, shimo la kuchimbia dhahabu, la mchimbaji mdogo Masalu. Jumatatu asubuhi Paskazia alimkuta akisaga mawe, mweupe hadi kwenye kope.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Ijumaa ulimwona Bujiku?"

"Kwa mbali."

"Akifanya nini?"

"Wanachofanya wapimaji wote! Anapima kwa simu, anapanga mawe, anafukia alama yake. Kesho unaonyeshwa leseni, unaambiwa duara si lako."

"Alifukia nini?"

"Si ndicho kile kiboksi chake?"

"Mimi sikukuta kiboksi, Masalu. Wala sijamwambia mtu kwamba kilikuwepo."

Masalu aliizima mashine. Aliingia kibandani pamoja na askari aliyefuatana na Paskazia, akatoka na kasha la bati, akaliweka miguuni pa Paskazia.

"Mara mbili nimefukuzwa na wapimaji," alisema. "Niliyachimba maduara yale kwa mikono hii, wakayachukua wenye karatasi. Nikamwambia huyu aking'oe. Akacheka, ati ni mchezo wa watoto. Nikaona ananifanya mjinga. Nikamkamata mabegani, nikamsukuma. Akaangukia jiwe."

"Na simu?"

"Niliitupa njiani."

"Kasha ulilifungua lini?"

"Alipokwisha kukata roho. Nikakuta peremende."

Alifungwa pingu bila kubisha.

Kituoni, Koplo Abel alishauri Eliya atolewe kwa mlango wa nyuma, mambo yaishe kimyakimya.

"Nilimleta kwa kupita sokoni," Paskazia alijibu. "Atarudi kwa kupita sokoni."

Walikwenda bega kwa bega. Penye wauza nyama Paskazia alisimama, akavua kofia.

"Mnanifahamu. Juzi nilimpitisha mtu huyu hapa kama muuaji. Hakuua, wala hakuiba. Aliyekosa ni mimi."

"Leo ndiyo mnatuambia?" mwanamke mmoja alifoka. "Na kama watoto wake wangechomwa?"

Paskazia alimgeukia Eliya mbele yao wote.

"Nisamehe, baba."

Eliya alikuwa akitazama chini. "Na kule nyumbani, Afande? Kule ndiko ninakoishi."

"Twende."

Walipofika, vijana walikuwa wamekaa mbele ya nyumba, kidumu cha petroli katikati yao. Paskazia alipita kati yao, akasimama mlangoni mwa Eliya, akavua tena kofia yake, akaanza upya, neno kwa neno.