Sikio la Leonia

Pale Choma, wilayani Igunga, kukipambazuka husikii jogoo peke yake. Unasikia pia mashine ya kusaga ya Jilala. Tu-tu-tu-tu! Wanawake wanapanga ndoo za mahindi na uwele. Foleni inaanza, na umbea nao unaanza.

Nyuma ya mashine anaishi Leonia, mama yake Jilala. Yeye hutengeneza mafuta ya nyonyo, yaani mbegu za mbarika. Anakaanga mbegu, anazitwanga, anazichemsha na maji, kisha anaengua mafuta yanayoelea juu. Watu huyapaka mwilini na kulainishia ngozi za ng'ombe. Mafuta yake yanasifiwa hadi mnadani. Hata mashine hiyo ilinunuliwa kwa ng'ombe wake watatu.

Mwaka juzi, mvua za Februari zilikata barabara ya kuletea dizeli. Jilala alikuwa na akiba ya siku nane tu. Siku ya tisa pipa likawa tupu, na foleni bado ndefu.

"Mayu," Jilala alimwita mama yake kwa Kisukuma, "si una galoni la mafuta ya nyonyo? Tutie kwenye injini. Mafuta ni mafuta, bwana!"

Leonia alisita. "Haya ni ya kupaka, mwanangu. Injini ina ngozi?"

Jilala alicheka, akamimina. Mashine ikakohoa, ikatoa moshi mzito, ikazima. Alivuta kamba mpaka jasho likamtoka. Kimya.

"Mafuta yako yameua mashine yangu!" alifoka mbele ya watu wote.

Mashine yangu! Ng'ombe wa mama alishawasahau.  Leonia aliingia ndani, akafunika chungu chake, na tangu siku hiyo hakutengeneza mafuta tena. Wanawake wa Choma walirudia vinu, na viganja vikaota malengelenge.

Barabara ilipopitika alikuja Sheima, fundi wa injini kutoka Cheyo, Tabora mjini. Binti huyu ana mikono myepesi, nami nampenda kwa sababu haoni haya kuuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Muuaji wa mashine ndiye mimi."

"Hasha! Nani kasema?"

Sheima alifungua chujio la dizeli. Lilikuwa limeziba kabisa, na ndani mlikuwa na matone ya maji. Alilisafisha, akalirudisha.

"Jilala, kosa si la mama," alisema. "Mafuta ya nyonyo ni mazito mno kwa injini. Na haya yana maji, maana yalichemshwa na maji. Kwa kupaka ni mazuri. Kwa injini, lazima kwanza yageuzwe yawe dizeli ya mimea. Mimi nimefunzwa kazi hiyo. Mama, utatutengenezea mengine?"

Leonia alimtazama mwanawe. Jilala aliinamisha kichwa.

"Nitatengeneza," Leonia alisema. "Kwa ajili yako wewe, mgeni."

Wiki iliyofuata Sheima alirudi na vifaa vyake. Yeye na Jilala walipasha moto mafuta mapya ya Leonia, nje, ili kufukuza maji.

"Yametosha," alisema Sheima.

"Bado," alisema Leonia kutoka kizingitini. "Yanalia."

Sheima alitia tone kwenye kijiko cha moto. Tsaa! Kweli, maji yalikuwamo. Walingoja mpaka Leonia aliposema, "Sasa yamenyamaza." Tone la pili halikutoa sauti. Sheima alimshika mkono yule mama, akacheka kwa furaha.

"Tungeacha maji, ingekuwaje?" Jilala aliuliza.

"Ungepata sabuni, si dizeli."

Waliuzima moto, mafuta yakapoa. Sheima alivaa miwani na glavu. Alipima methanoli, ambayo ni aina ya spiriti, na kostiki, yale magadi makali ya kutengenezea sabuni.

"Methanoli ni sumu, na inawaka upesi," alionya. "Kostiki inababua ngozi na macho. Asiyefunzwa asijaribu. Na makapi ya nyonyo yana sumu pia. Mbuzi na kuku wasiyaonje. Yafukieni shambani yawe mbolea."

Alichanganya, akakoroga, akaacha mchanganyiko utulie. Kesho yake gliserini nzito ilikuwa imezama chini, na dizeli ya mimea ilikuwa juu. Waliisafisha kwa maji, wakaikausha tena, wakaichuja.

"Bado ni nzito kidogo," alisema Sheima. "Usiitumie peke yake. Lita moja ya hii, lita nne za dizeli."

Jilala alivuta kamba. Tu-tu-tu-tu!

Februari mwaka huu barabara ilikatika tena. Akiba ya dizeli ilikuwa ile ile, ya siku nane. Lakini kwa nyonyo ya Leonia ilifika siku kumi, na siku ya kumi lori la dizeli likaingia Choma. Hakuna aliyeshika mchi.

Siku hiyo Jilala alizima injini makusudi, foleni ikiwa imejaa. Mama yake alikuwa ameinama kwenye chungu, sikio moja chini.

"Mayu," alisema kwa sauti, "nilikusingizia mbele ya watu hawa. Mbele yao naomba—"

"Nyamaza kwanza! Nasikiliza mafuta."

Foleni nzima ikanyamaza. Hata Jilala.

"Yamekauka," alisema Leonia, akajinyoosha. "Haya, endelea kuomba radhi."