Mstari wa Mwisho wa Gauni la Misheni

Gauni lilikuwa limelala chali juu ya meza ya kukatia, mikono imenyooshwa, na Elinaza angeweza kuapa kwamba kifua chake kilipanda kidogo, kikashuka.

"Upepo," alijiambia.

Lakini dirisha lilikuwa limefungwa. Tangu asubuhi ukungu wa Mlima Meru ulikuwa umeteremka mpaka Kimandolu, na baridi ya Julai ilikuwa inauma vidole. Kisha ikaja harufu ya majani ya mgomba yaliyolowa, ndani ya chumba ambacho hakikuwa na jani hata moja.

Elinaza hakuwa na nafasi ya kuogopa nguo. Kesho yake alikuwa anafundisha. Yeye, aliyeacha shule kidato cha pili baba yake alipougua, angesimama mbele ya akina mama wa ushirika na kuwaeleza mavazi ya zamani, yale magauni ya smoki ambayo bibi zao waliyashona katika shule za misheni huko mlimani. Smoki ni marinda madogo madogo kifuani. Unayakusanya kwa nyuzi, unadarizi juu yake mstari kwa mstari, kisha unazichomoa zile nyuzi za kukusanyia, na nguo inavutika na kurudi ikifuata pumzi ya mvaaji. Mafundi wa siku hizi hawana habari nayo, wao hutia lastiki. Mwenyekiti wa ushirika alikuwa amemwambia, "Ukiwafundisha vizuri, utabaki kuwa mwalimu wetu." Siku nzima Elinaza alikuwa analionja neno hilo kama pipi. Mwalimu. Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo.

Gauni aliliazima kwa Bibi Magreth, fundi mzee wa huko juu, njia ya Momela. "Nakupa la kutazama," bibi alisema. Halikuwa limekamilika. Mstari wa mwisho haukudariziwa, na nyuzi za kukusanyia bado zilikuwamo.

"Livae basi tukuone," alisema Nancy, binamu yake, aliyekuwa amekaa kitandani anamenya karanga. "Utafundishaje nguo ambayo mwili wako hauijui?"

Elinaza alilivaa. Lilimkaa kana kwamba alipimiwa yeye.

"Yesu wangu! Shikamoo, mama mchungaji! Chai utakunywa na skonzi au na kiporo cha ndizi?"

Walicheka mpaka Elinaza akainama, na kifungo cha shingoni kikadondoka.

"Simama hapo nikishone," alisema Nancy.

"Nguo haishonwi mwilini wewe. Anayeshonewa mwilini ni maiti."

"Aisee, na wewe umeshakuwa bibi? Vishono viwili tu."

Mafundi wote wanaujua mwiko huo. Ikilazimu kabisa, mvaaji hutoa kwanza mkono mmoja, ili nguo isidhani kwamba imepewa mtu mzima. Lakini mikono ya gauni ilikuwa imembana, kicheko kilikuwa bado tumboni, kazi za kesho zilikuwa nyingi. Elinaza alisimama hivyo hivyo. Nancy alishona, akakata uzi kwa meno.

Gauni likavuta pumzi.

Mwanzoni alidhani ni yeye aliyehema. Alipotoa pumzi, marinda yalijikunja yakafuata kifua chake ndani, na alipotaka kuvuta nyingine hayakurudi, yalibaki pale pale yameshika mbavu kama vidole vya mtoto anayekataa kuachwa.

"Nancy," alinong'ona. "Nivue."

"Acha utani."

"Nivue!"

Nancy alishika kifungo, akakiachia haraka. "Kina baridi kama barafu, dada." Alichukua mkasi, na ulipougusa uzi, gauni lilikaza kwa nguvu hata Elinaza akatoa sauti kama ya mwana-kondoo. Nancy alikimbilia mlango. Komeo liligoma. Dirishani nondo, nje ukungu mweupe usioonyesha hata nyumba ya jirani, na walipopiga kelele sauti zao ziliishia kwenye kuta kama zimefunikwa na blanketi, na harufu ya migomba ikazidi mpaka ikawa kama wamesimama shambani mvua imetoka kunyesha, na nyuma ya Elinaza, karibu kabisa na shingo yake, kuna mtu alikuwa anahema taratibu, bila haraka, kama mtu anayechungulia kazi ya mwenzake.

Nancy alipiga simu, akaweka spika.

"Bibi Magreth, shikamoo."

"Marahaba. Mbona unanong'ona?"

"Dada Eli amelivaa lile gauni. Nimemshonea kifungo akiwa amelivaa."

"Mkono mmoja aliutoa?" bibi aliuliza.

"Hapana, bibi."

"Basi weka mkasi chini. Msikate. Mama yangu alisema kulikuwa na jini la migombani, la kike. Lilikuwa linachungulia dirishani wasichana wa misheni wakifundishwa kushona, nalo hakuna aliyelifundisha. Likaona wivu. Likamwingia mmoja wao, akafa na hilo gauni mwilini kabla hajafika mstari wa mwisho, nalo likabaki humo."

"Sasa kwa nini ulitupatia?" Nancy alilia.

"Nilitoa la kutazama! Halijawahi kumgusa asiyelivaa."

"Linataka nini, bibi?" aliuliza Elinaza kwa pumzi iliyobaki.

"Kujua, mjukuu wangu. Linataka kujua tu."

Elinaza aliketi. Alitia uzi mwekundu kwenye sindano, akaielekeza kifuani pake mwenyewe. Kisha akasema kwa sauti ile aliyokuwa ameifanyia mazoezi wiki nzima mbele ya kioo: "Tazama. Unashika rinda la kwanza na la pili. Unavuta, lakini si sana."

Vidole baridi vikatulia juu ya vidole vyake. Havikuonekana. Sindano ikaenda.

Ilikosea. Gauni likakaza kwa hasira na macho ya Elinaza yakaingia giza, lakini hakufoka, maana alikumbuka vizuri mwalimu aliyewahi kumfokea yeye. "Hapana. Rudi nyuma. Kila mtu anakosea hapo. Uzi ukae juu ukishuka, ukae chini ukipanda." Nancy alishika tochi ya simu, midomo ikisali bila sauti, akiona mstari ukikua, nakshi zenye umbo la almasi moja baada ya nyingine, kwanza zimepinda, kisha zimenyooka, kisha nzuri kuliko za juu yake. Rinda la mwisho likafungwa. Elinaza akachomoa nyuzi za kukusanyia, mmoja mmoja, na gauni likamwachia. Akavuta hewa akilia.

Asubuhi Bibi Magreth alishuka mwenyewe. Alilinusa gauni, akalikung'uta, akaligeuza ndani nje.

"Limetoka," alisema. Kisha akamtazama Elinaza. "Ulilifukuza, au ulilifundisha?"

"Nililifundisha, bibi."

Mzee yule alimshika mkono asiuachie kwa muda mrefu. "Mjukuu wangu," alisema, "mwanafunzi hafuati nguo, humfuata mwalimu wake."

Mchana, ukumbini, akina mama wa ushirika walikuwa wameinamia vitambaa vyao. Elinaza alipita katikati ya viti akisahihisha. Walikuwa wanamwita binti, wanamwita dada, wanamwita fundi. Ndipo ikaja harufu ya majani ya mgomba yaliyolowa, na kutoka kwenye kiti kitupu ukutani, ambako kipande cha kitambaa kilikuwa kimeshajaa almasi nyekundu zisizo na kosa, sauti nyembamba ikamwita jina alilokuwa analitamani.

"Mwalimu. Nimemaliza. Nipe mshono mwingine."

Akina mama hawakuinua vichwa. Elinaza alisimama pale akihesabu moyoni mishono aliyokuwa anaijua. Ilikuwa michache, na mwanafunzi wake alikuwa anashika haraka. Kifuani, blauzi yake ya kawaida ikakaza kidogo, ikingoja.